Barua kwa mwanangu: kuhusu namba ya rafiki yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Pole sana. Unaniuliza kama uifute namba ya marehemu rafiki yako au uiache, maana kila ukiiona kwenye simu moyo unashtuka, na ukitaka kuifuta mkono unakataa. Nitakujibu. Ila kwanza nikuulize mimi: siku ya mazishi ulikaa wapi?

Nauliza na jibu ninalo. Ulikaa nyuma. Mbele ni pa ndugu, na ni haki yao. Lakini undugu una karatasi, urafiki hauna. Najua nimelisema hili mpaka baba yako analimalizia kabla sijafika katikati, ila wa kunipinga sijamwona bado. Kazini watakupa ruhusa ukamzike shangazi ambaye hamjaonana tangu utoto. Kwa rafiki uliyeongea naye kila siku, mara nyingi utaambiwa utumie likizo yako mwenyewe. Mtu akifa bila wosia, sheria humtafuta mwenzi, watoto, wazazi, hata ndugu wa mbali, rafiki haulizwi. Mmarekani mmoja, Kenneth Doka, aliliandikia jambo hili mwaka 1989: kwamba wapo wanaoomboleza huku jamii haiwahesabu kuwa wafiwa. Nilipomsoma nilitaka kumwamsha baba yako usiku uleule.

Sasa, marehemu rafiki yangu, Mama Mdogo. Mlimwita hivyo mpaka mkadhani tumezaliwa tumbo moja, nasi hatukujisumbua kuwasahihisha. Habari ya gauni la dada yako siirudii, unaijua. Nataka ukumbuke alivyokuwa akipiga simu: bila hodi wala salamu, anaanzia katikati, "Basi nikamwambia haiwezekani!", na wewe uliyepokea unabaki kutafuta nani kaambiwa nini. Halafu vitabu. Aliazima vyangu na kuvirudisha vimeandikwa pembeni kwa penseli, kwa ule mwandiko wake uliolalia kushoto, neno moja tu: "Uongo!" Hakujali mwandishi ni nani. Ninacho hapa kitabu cha malezi chenye "Uongo!" karibu kila ukurasa, na mwishoni kabisa, penye shukrani za mwandishi kwa mkewe, ameandika "Labda".

Siku tunamzika, wasifu wake ukasomwa. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaolewa. Wapwa wote wakatajwa kwa majina. Kisha ikaja "majirani, marafiki na wote waliomfahamu". Hapo ndipo nilipokuwa mimi. Hilo nililimeza. Lakini msomaji akaendelea: "Marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kukwaruzana na mtu yeyote." Mama Mdogo huyo! Aliyegombana na daktari wa meno huku mdomo umejaa vyuma! Nikaiona penseli yake ikishuka pembeni mwa ile karatasi, na mwanangu, nikacheka. Nilicheka kwa sauti, watu wakageuka, dada yake mkubwa akanikata jicho ambalo ninalo mpaka leo.

Baba yako anasema ningejifanya nakohoa. Radhi sijaomba, wala siombi. Pale nilikuwa peke yangu niliyekuwa namzika yeye. Wenzangu walikuwa wanamzika mwanamke mpole nisiyemfahamu. Hapana, hapo nimezidisha. Dada yake alimbeba mgongoni kabla mimi sijajua kama yupo duniani. Huenda aliona ugomvi wa mdogo wake umetosha, siku hiyo moja apumzike nao. Msiba una adabu zake, na si kila kweli husemwa mbele ya jeneza. Nakubali. Lakini kama kila aliyekufa alikuwa mpole, wale wagomvi wote tuliowapenda wamekwenda wapi? Unaona, nimerudi palepale.

Kinachoniuma zaidi si wasifu. Ni vitabu vyake. Vilifungwa kwenye maboksi vikauzwa kwa jumla wakati mimi bado natafuta namna ya kuomba. Na ningeomba kama nani? Yule mwandishi Mfaransa, Montaigne, rafiki yake La Boétie alipofariki mwaka 1563, alimwachia vitabu na maandishi yake kwa wosia, na baadaye Montaigne akachapisha baadhi ya maandishi hayo. Heri yake, alikuwa na karatasi. Vya Mama Mdogo viko kwa watu nisiowajua. Mtu anafungua ukurasa, anakuta "Uongo!", anadhani ni utundu wa mwanafunzi.

Umeandika pia kwamba kuna mtu kazini amekuambia katika hatua za maombolezo upo kwenye ile ya kukataa kwamba amekufa, na kwamba zimebaki nne. Usimjibu vibaya, anakutakia mema. Ila hatua hizo tano zilielezwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, na aliokuwa akiwasikiliza ni wagonjwa wanaokabili kifo chao wenyewe. Baadaye zikahamishiwa kwa sisi tuliobaki, watu wakazipanga kana kwamba ukimaliza moja unapandishwa darasa. Mimi sikupanda popote. Nilikaa miezi nikiwa mzima kabisa, kisha simu ikalia mchana, nikapokea nikingoja "Basi nikamwambia", kumbe ni mtu amekosea namba. Siku hiyo sikufaa kwa lolote.

Haya, namba yako. Maoni ninayo, na yananiwasha ulimi. Angekuwa dada yako ameuliza, ningekuwa nimeshamwambia tangu mstari wa kwanza. Lakini wewe tangu utoto ukiamuliwa jambo unafanya kinyume chake, kwa hiyo sisemi. Nakaribia kusema, ila sisemi. Nakupa yale tu yaliyo ya hakika. Namba isiyotumika kampuni za simu humgawia mteja mwingine, kwa hiyo ukizoea kumwandikia usiku, jua iko siku anaweza kujibu mtu baki, naye hana kosa. Kisha, sauti zake alizokurekodia na kukutumia hazikai kwenye namba. Na simu yako hiyo naijua, ndoo zote za nyumba hii zinaijua. Zihamishe leo, uziweke mahali pawili. Na ile anayokufokea usiiache nyuma kwa kuona aibu.

Nikipata nafasi nitamwandikia mama yake, ingawa sijui nianzie wapi, maana yeye naye amekwishaambiwa na kila mtu kwamba mwanawe alikuwa malaika. Wewe niandikie upesi. Usinieleze alivyokuwa mwema, hilo nimelisikia. Nieleze alikuwa anakukera kwa lipi, na mara ya mwisho mliponuniana ilikuwa juu ya nini.

Mimi mama yako