Msumbiji: kwa nini gesi haijaleta utulivu

Umeuliza inakuwaje Msumbiji, yenye gesi yote ile, bado inapigana wakati vita viliisha 1992. Mkataba wa amani wa Roma ulisimamisha vita vya miaka 16 kati ya FRELIMO, chama tawala, na waasi wa RENAMO, ni kweli, lakini RENAMO walibaki na wapiganaji wao porini, na mwaka 2013 risasi zikaanza kulia tena. Kambi yao ya mwisho, kule Gorongosa katikati ya nchi, ilifungwa Juni 2023. Zaidi ya miaka 30! Hata hivyo tusidharau kilichofanyika: mwaka 2015 nchi ilitangazwa haina tena maeneo yanayojulikana kuwa na mabomu ya ardhini, na mkulima anashika jembe bila kuhofia mguu wake.

Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini wenye gesi hiyo, ni moto mwingine kabisa. Uasi wa huko ulianzia mji wa Mocímboa da Praia Oktoba 2017, siasa kali za kidini zikawanasa vijana wasio na ajira, wanaoona rubi na gesi za kwao zikiwanufaisha wengine. Mji wa Palma, jirani na mradi wa gesi, uliposhambuliwa Machi 2021, kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ikasimamisha mradi huo wa dola bilioni 20. Wanajeshi wa Rwanda walisaidia kuikomboa miji, sawa. Ila mimi nasema kijana wa Palma apewe kwanza ajira kwenye mradi huo, kabla serikali haijafikiria kuongeza askari.