Nitaijuaje difu ya LSD kabla ya kulipa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Hilux inayotumia magurudumu manne, na wakati wa masika huku kwetu huwa naitegemea sana kwenye barabara za udongo. Difu ya nyuma, yaani gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imeanza kulia, na fundi wangu amenishauri ninunue iliyotumika. Muuzaji mmoja wa vipuri huko Gerezani, Dar es Salaam, amenionyesha mbili ambazo kwa nje ni pacha, lakini moja anaiita ya LSD (limited-slip differential, yaani difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure kupita kiasi) na bei yake iko juu zaidi. Alizungusha upande mmoja, upande wa pili ukafuata uelekeo uleule, akasema huo ndio uthibitisho. Je, unatosha?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo ulichoonyeshwa kinatumiwa na mafundi wengi, lakini peke yake hakitoshi kukufanya utoe fedha. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili, na ndiyo sababu gurudumu moja likiingia kwenye utelezi huzunguka bure huku lenzake, lililo kwenye ardhi kavu, likikosa nguvu ya kusukuma gari. Ile ya LSD, kwa aina iliyozoeleka kwenye pikapu, ina sahani za msuguano zilizobanwa na springi pembeni mwa gia za ndani, na msuguano huo huzuia upande mmoja usikimbie kwa urahisi na kuuacha mwingine. Hauzuii kabisa, maana gari lazima liweze kukata kona, bali huweka mpaka.

Kwa hiyo pande mbili zikizunguka uelekeo mmoja wakati pinioni, yaani gia ndogo inayoingiza nguvu ya injini kwenye difu, iko huru, maana yake ni kwamba kuna kitu ndani kinachozishika pamoja. Kitu hicho kinaweza kuwa sahani za LSD, lakini pia kinaweza kuwa gia zilizokwama kwa kutu baada ya difu kukaa wazi kwa miezi mingi, au gia ambazo mtu amezichomelea kwa makusudi ili magurudumu yote mawili yavute. Difu iliyochomelewa itafaulu kipimo cha muuzaji wako vizuri kuliko hata LSD mpya, na ukiifunga kwenye gari la barabarani itakula matairi na kuvunja shafti kwenye kona.

Omba hatua moja zaidi. Chomeka shafti ya gurudumu kila upande wa difu, mtu mmoja aishike pinioni isizunguke kabisa, kisha wewe uzungushe shafti moja. Difu ya kawaida itazunguka kwa mkono bila taabu, na shafti ya pili itageuka kinyume. LSD yenye afya itagoma mkononi, lakini ukiizungusha kwa spana yenye mkono mrefu itakubali kwa uzito ulio sawa mzunguko mzima, bila kuruka wala kukwama. Iliyochomelewa haitakubali hata kidogo, na iliyokwama kwa kutu ama haitasogea, ama itaachia ghafla kisha izunguke kwa wepesi.

Baada ya hapo tumia macho, na hapa una bahati, kwa sababu difu ya nyuma ya Hilux hutolewa ikiwa kipande kimoja kwa upande wa mbele wa ekseli, kwa hiyo ikiwa juu ya meza kila kitu kiko wazi mbele yako. Angalia kasha linalobeba krauni, yaani gia kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni. Likiwa na madirisha mapana ambamo unaona gia ndogo zikizunguka kwenye pini yake, na nyuma ya gia kubwa za pembeni hakuna kitu isipokuwa washa moja nyembamba, hiyo ni difu ya kawaida. Ukiona nyuma ya gia hizo kingo za sahani kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine, hapo ndipo neno LSD lina haki ya kutajwa. Mulika kwa tochi, na usikubali kuharakishwa.

Kibandiko au kibati kinachoagiza oili ya LSD pekee ni dalili njema, lakini kibandiko huhamishika. Vivyo hivyo bati la utambulisho la gari, lenye mstari wa TRANS/AXLE, hueleza ekseli iliyofungwa kiwandani. Halijui difu ipi ilibadilishwa baadaye, na difu iliyokwisha kutolewa haina bati hilo kabisa. Tena ukiambiwa kwamba gari lililotoa difu hiyo lilikuwa na "Auto LSD", usilipie ziada kwa maneno hayo: katika magari ya Toyota mfumo huo hufanya kazi kwa kulifunga breki gurudumu linalozunguka bure, na difu yenyewe ni ya kawaida.

Kwa kuwa gari lako linavuta pia kwa mbele, hesabu meno kabla ya kuangalia jambo lolote kati ya hayo. Krauni yenye meno 41 kwa pinioni ya meno 10 haiwezi kukaa pamoja na difu ya mbele yenye 43 kwa 10, kwa sababu ukiunganisha magurudumu manne kwenye ardhi ngumu, mbele na nyuma vitavutana hadi kimoja kivunjike. LSD nzuri yenye uwiano usiolingana na wa mbele haikufai.

SWALI: Nina Subaru Forester ambayo niliuziwa kwa maelezo kwamba difu ya nyuma ni LSD. Nimeinyanyua nyuma, nikazungusha gurudumu moja, na la pili likageuka kinyume. Je, nilidanganywa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda hukudanganywa. Baadhi ya Forester na Impreza zilifungwa LSD ya viskasi, ambayo badala ya sahani zinazobanwa na springi hutumia oili nzito ya silikoni, na oili hiyo hukaza pale tu magurudumu yanapotofautiana mwendo kwa kasi. Ukizungusha polepole kwa mkono, la pili linaweza kugeuka kinyume kabisa. Jaribu kuliharakisha gurudumu: uzito ukiongezeka kadiri unavyoongeza kasi, viskasi bado ni hai. Difu za Torsen, aina ya LSD inayotumia gia badala ya sahani, kama zilizomo katika baadhi ya Toyota Altezza RS200, nazo hugeuka kinyume zikiwa hazina mzigo, na LSD ya sahani zilizolika hufanya hivyohivyo.

Unapofanya vipimo hivi weka gia huru, zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, na egemeza gari kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Usiwashe injini na kuingiza gia gurudumu moja likiwa hewani, kwa kuwa difu ya LSD inaweza kulisukuma lile lililo chini na gari likaruka kutoka kwenye jeki.