Ukianza kuisoma King James, angalia kwanza chapa uliyonayo

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hushika nakala ya King James, ile tafsiri ya Kiingereza ya Biblia, wakiamini wameshika chapa ya 1611. Mara nyingi sivyo. Karibu nakala zote zinazouzwa leo hufuata matini ambayo msomi Benjamin Blayney aliisahihisha Oxford mwaka 1769, akapanga upya tahajia, vituo na italiki, yaani herufi za mlazo. Fungua Yohana 11:35. Jina la Yesu likiwa "Iesus", unasoma tahajia ya 1611. Likiwa "Jesus", ni ya baadaye. Tazama pia kati ya Malaki na Mathayo, maana chapa ya 1611 ilikuwa na vitabu 14 vya Apokrifa hapo, vitabu ambavyo Waprotestanti hawavihesabu kuwa Maandiko. Andika mwaka wa chapa daftarini kabla hujanukuu mstari wowote.

Panapoharibika kazi nyingi ni kwenye italiki. Tumezoea kwamba italiki ni mkazo. Humu kazi yake ni nyingine kabisa: inaonyesha maneno yasiyokuwamo katika Kiebrania au Kigiriki, ambayo wafasiri waliyaongeza ili sentensi ya Kiingereza ikamilike. Chukua 2 Samweli 21:19. King James inasema Elhanani alimwua ndugu yake Goliathi, lakini maneno ya "ndugu yake" yamo kwa italiki. Kiebrania cha mstari huo kinasema alimwua Goliathi. Wafasiri walilitoa neno hilo 1 Mambo ya Nyakati 20:5, mistari miwili isipingane. Anayeruka italiki hapa halioni hata tatizo lenyewe, kisha anajenga hoja nzima juu ya neno la kuongezwa. Kwa hiyo nakili mstari mara mbili, pamoja na italiki na bila italiki, ndipo uanze kufafanua. Ukitumia picha za chapa ya 1611, usitafute italiki: matini yenyewe ni herufi nzito za Kigothi, na nyongeza ni zile herufi ndogo za Kirumi.

Kwenye viwakilishi, Mswahili ana nafuu kubwa. Thou, thee na thy ni mtu mmoja. Ye, you na your ni wengi. Soma Luka 22:31-32 ukiwa na Union Version, Biblia ya Kiswahili, pembeni: Shetani "amewataka ninyi", lakini Yesu anamwambia Simoni "nimekuombea wewe". King James imeutunza mpaka huo, ilhali Kiingereza cha leo kimeupoteza. Wala thou si lugha ya kumheshimu Mungu. Katika Mathayo 4:10 Shetani anafukuzwa kwa thee.

Usiandike kwamba Mfalme James wa Uingereza alitafsiri. Aliidhinisha kazi kwenye mkutano wa Hampton Court, 1604. Waliofasiri ni wataalamu wapatao 47, katika makundi sita ya Westminster, Oxford na Cambridge. Tafuta nakala yenye dibaji ya Miles Smith, mmoja wa wafasiri hao, kwa kuwa chapa nyingi za bei nafuu huiacha. Humo wafasiri wenyewe wanaeleza kwa nini waliweka tafsiri mbadala pembezoni mwa ukurasa pale maana ilipokuwa na shaka.