Tafuta Mlezi Kabla ya Kanisa: Kwa Anayesimamia Mafunzo ya Nyanjani

Ukikabidhiwa ofisi ya mafunzo ya nyanjani katika chuo cha theolojia, utakuta mezani faili nene la barua za makanisa. Huyu anataka mwanafunzi anayejua kupiga kinanda, yule anataka wa kuamsha vijana, mwingine anaomba "yeyote tu, Mwalimu, tumechoka." Lifunge hilo faili kwanza. Makanisa yanayohitaji mtu hayaishi. Wanaoadimika ni wachungaji walio tayari kukaa na mwanafunzi saa nzima kila wiki, simu imezimwa, wakimuuliza amefanya nini na kwa nini alikifanya hivyo. Watafute hao, kanisa litafuata.

Nimekuwa nikipeleka wanafunzi kwenye atachimenti, kama wenyewe wanavyoiita, huku magharibi mwa Kenya, kuanzia Kisumu mjini hadi Maseno, Luanda, Mbale na Busia. Kanisa kubwa lenye kwaya tatu na spika za maana linaweza kukurudishia kijana anayejua kushika maiki na hajui jambo jingine. Nao walionirudia wakiwa wameiva, wengi walitoka kwenye vikanisa vya mabati ambako mchungaji ni mmoja, hana haraka, na humchukua mwanafunzi kila anakokwenda, hata kwenye kikao cha kugombania mpaka wa shamba.

Mlezi humjui kwa simu. Napanda matatu, nafika kwake, nanywa chai. Nasikiliza anavyomsemesha mlinzi wa kanisa na anavyomzungumzia mchungaji aliyemtangulia, maana anayemponda mtangulizi wake atamponda na mwanafunzi wangu mbele ya wazee. Kisha nasubiri aniulize juu ya huyo nitakayemleta. Akiuliza kama ana mke, kama wazazi wako hai, anapenda kusoma nini, naandika jina lake. Akiuliza tu kama ana leseni ya udereva, namaliza chai yangu, nashukuru, naaga.

Hiyo ya leseni si mzaha. Mwanafunzi asiye na mkataba hugeuka haraka kuwa kijana wa Pasta: anaosha gari, anachapa ratiba ya ibada, anapiga picha za Fesibuku, anatumwa kutoa pesa kwa ajenti wa M-Pesa. Baada ya miezi mitatu hajawahi kuingia nyumba ya mgonjwa hata moja. Kwa hiyo andika kurasa mbili, zisizidi, ziwekwe sahihi na mchungaji, mwanafunzi na mzee mmoja wa kanisa. Ziseme atalala wapi, atakula kwa nani, nauli ni ya nani, atahubiri mara ngapi, na siku gani ni yake ya kupumzika. Wachungaji wengi hupumzika Jumatatu, naye apumzike siku hiyo hiyo. Mzee wa kanisa usimsahau, kwani mchungaji akihamishwa katikati ya muhula, na huhamishwa, mkataba unabaki na mwenyewe.

Sasa nije kwenye mazishi, ambako huku kwetu ndiko uchungaji unakopimwa. Ijumaa na Jumamosi mchungaji anaweza kuitwa kwenye boma mbili kwa wakati mmoja, na kishawishi ni kumwambia mwanafunzi, "Wewe nenda hiyo ya pili." Mkataba wangu unakataza. Kijana wa miaka 24 aliyesoma Kigiriki hawezi kupambana peke yake na mshereheshaji aliyekwisha kugawa maiki kwa mwakilishi wa wadi, mbunge, na wanaotaka kuwa wabunge, huku mawingu yanajikusanya upande wa ziwa na kaburi liko wazi. Kwanza aandamane na mlezi wake katika msiba mmoja tangu mwanzo: jioni za kamati ya mazishi, mchango unavyosomwa, mvutano wa nani asome wasifu wa marehemu, siku yenyewe, na hasa ile ziara ya wiki moja baadaye, wakati mahema yameng'olewa, viti vya kukodi vimerudishwa na mjane amebaki na watoto. Walezi wengi wazuri huniambia kuwa ziara hiyo humfundisha kijana kuliko mahubiri kumi. Nakubaliana nao.

Kabla hajaenda, msomeshe kesi ya S. M. Otieno. Wakili huyo alifariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wa Umira Kager wakavutana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, mpaka Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi. Akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajazaliwa. Ila wakishaisoma hawathubutu tena kusimama kwenye boma la watu na kusema kwamba mwili ni udongo tu na haijalishi unalazwa wapi. Huenda theolojia yao ni sahihi. Lakini huyo shemeji aliyeketi mstari wa kwanza na fimbo yake hatasikia neno la pili.

Hospitali ni shule nyingine. Hapo natumia njia iliyoletwa na Wamarekani. Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, aliingiza wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya Worcester, Massachusetts, mwaka 1925, ili wajifunze kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Katika malezi yaliyokua kutokana na kazi hiyo, mwanafunzi hurudi kutoka wodini na kuandika mazungumzo neno kwa neno jinsi anavyoyakumbuka, kisha yanasomwa mbele ya wenzake. Nasi twafanya hivyo na wanaotembelea Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mmoja aliwahi kuniletea hivi:

Mimi: Habari ya leo, mama?
Mama: Nimelala kidogo tu. Wamesema kesho wanaukata huu mguu.
Mimi: Mungu ni mwema.
Mama: Ndiyo, ni mwema.
Mimi: Basi tuombe.

Sikumwambia amekosea. Nilimuuliza tu, "Na ule mguu umeenda wapi?" Akaisoma karatasi yake upya. Wiki iliyofuata alileta kurasa mbili na nusu: mama anasimulia shamba lake, jinsi anavyopanda mlima kwenda kisimani, nani atakayemchotea maji akitoka hospitalini. Maombi yalikuja mwishoni, na aliyeyaomba ni mama mwenyewe. Njia hii haihitaji bajeti wala projekta, kalamu inatosha. Sharti langu ni moja: jina la mgonjwa lisiandikwe, wala wodi, wala chochote kitakachomtambulisha, na karatasi hazipigwi picha kupelekwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Pia mwanafunzi aanze kwa kujitambulisha kwa msimamizi wa wodi. Asijiingilie tu na Biblia kwapani.

Lugha iangalie mapema. Mjini Kiswahili kitambeba, lakini ukimpeleka Mluo Vihiga, wazee wataomba kwa Kilogooli na atabaki kuitikia amina asizozijua. Mimi hupendelea kumpeleka huko makusudi, mradi mlezi akubali kumfundisha salamu na nyimbo kadhaa. Mgeni hujifunza kusikiliza. Aliyewekwa kwa wajomba zake huwa mjukuu wa fulani tangu siku ya kwanza, na nani atamkosoa?

Kuhusu wanafunzi wa kike, usitume barua ukiomba ruhusa kana kwamba ni jambo geni. Askofu Henry Okullu wa dayosisi ya Kianglikana ya Maseno Kusini alimpadrisha mwanamke mwaka 1983, na mwaka 2021 Waanglikana wa huku huku magharibi walipata Emily Onyango kuwa askofu msaidizi Bondo na Rose Okeno kuwa askofu wa Butere. Unachopaswa kuulizia ni malazi yenye mlango unaofungwa, nani atamsindikiza akitoka mikesha ya usiku, na kama atapewa mimbari au atabakizwa jikoni na akina mama. Ukijibiwa kwa kicheko, mpeleke kwingine.

Pesa na watoto nitavipitia kwa ufupi kwa kuwa havina mjadala. Mwanafunzi hahesabu sadaka peke yake, na sadaka haipiti kwenye simu yake hata kwa dakika tano. Hakai faraghani na mtoto, awe wa shule ya Jumapili au wa kwaya, na kabla ya kuondoka chuoni asomewe Sheria ya Watoto ya 2022 na aambiwe ni nani wa kupigiwa simu akiona mtoto anaumizwa. Mlezi anayeona masharti haya ni kumdharau mtumishi wa Mungu, huyo si mlezi.

Walezi nao watunzwe. Chuo hakina pesa ya kuwalipa, na wanaelewa. Waite chuoni siku moja kabla ya muhula, wape chakula cha maana, wafungulie maktaba, warudishie nauli siku hiyo hiyo. Nauli ikisubiri hundi, mwakani hutawaona.

Jambo gumu ni ripoti ya mwisho. Wachungaji wetu wana huruma, wataandika "ni kijana mwema, Mungu ambariki" hata kwa yule aliyeacha matanga akaenda kuangalia mpira. Kwa hiyo fomu yangu haina nafasi ya "mwema". Inauliza: alitembelea nyumba ngapi, aliwahi kuomba radhi kwa mtu gani, je, ungempokea awe msaidizi wako kwa mwaka mzima? Swali hilo la tatu ndilo ninaloanza kulisoma. Ripoti inifikie wiki mbili kabla ya kikao cha bodi, mwanafunzi awe ameisoma na kutia sahihi. Asipokubaliana nayo aandike sababu zake chini yake kwa mkono wake mwenyewe, na bodi isome zote mbili.