Jibu: Usimuulize mtoto swali lile lile mara mbili

Mkuu, simamisha hilo zoezi kabla hujaingia darasani. Umeandika kwamba utarudia jaribio la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, la kupima kama mtoto anajua idadi haibadiliki vitu vikitanuliwa: utawapangia watoto wa miaka minne safu mbili za vifungo, uwaulize kama ziko sawa, kisha uitanue safu moja kwa mkono wako na kuuliza tena. Hapo pa kuuliza tena ndipo ilipozikwa tasnifu yangu.

Jiweke upande wa mtoto. Mtu mzima kauliza, kajibiwa vizuri, halafu kavigusa vifungo makusudi mbele ya macho yake na kurudia swali. Mtoto mwenye adabu anaona jibu la kwanza halikupokelewa, analibadilisha. Wewe unaandika "hajui kuwa idadi haijabadilika." Niliandika hivyo karibu kwa darasa zima, na jedwali nikalipaka rangi. Siku ya kutetea, mtahini akauliza: "Ulipima akili zao au utii wao?" Nikanywa maji. Glasi nzima, taratibu, kama mtu aliyepangiwa dozi.

Kinachoniuma ni kwamba hayo yalishajulikana. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank walionyesha kuwa watoto wa miaka sita wakiulizwa mara moja tu, baada ya mabadiliko, makosa yanapungua. Miaka hiyohiyo James McGarrigle na Margaret Donaldson wakamleta mwanasesere dubu mtundu "aharibu mchezo." Mtafiti akiitanua safu mwenyewe, watoto wachache tu wa miaka 4 hadi 6 walipatia, dubu akiivuruga, zaidi ya nusu. Vifungo vilevile! Na msimamizi wangu? "Fuata Piaget alivyofanya, usijifanye mjuaji." Piaget alifariki 1980, msimamizi wangu alikuwa na muda wa kutosha wa kusoma waliomjibu.

Usikimbilie kusema Piaget hana maana, maana hata ukiuliza mara moja wadogo bado wanakosea kuliko wakubwa. Ila gawa makundi mawili: moja liulizwe mara moja, jingine mara mbili. Tofauti kati yao ndiyo sura yako ya matokeo, na hakuna mtahini atakayekunywesha maji.

Programu ya takwimu na ukubwa wa sampuli ulivyoulizia, wengine watakujibu. Mimi niwekee hapa maneno utakayomwambia mtoto, neno kwa neno, tuyakague kabla hujaenda.