Ukiandika kuhusu dini, shule na mila, usimnyime maneno yule usiyemkubali

Nikiletewa skripti mpya na vijana wa kikundi chetu cha maigizo, kabla sijafika ukurasa wa pili nishajua nani mbaya. Mganga ana kitambaa chekundu kichwani na kicheko cha kutisha, mchungaji anakula sadaka, baba anayemuoza binti lazima awe mlevi, afu mwishoni anatokea afisa maendeleo ya jamii anaongea weee mpaka watu wanapiga makofi ili aishe. Huku Temeke nimefundisha maigizo na kuandika hadithi fupi kwa muda sasa na maswali yanayokuja inbox ni yaleyale, naandikaje kuhusu imani bila kukwaza watu, naandikaje kuhusu elimu bila kuonekana nahubiri. Leo nijibu kwa pamoja.

Kwangu kubwa kuliko yote ni hili: mhusika ambaye wewe mwandishi hukubaliani naye mpe hoja yake ikiwa na nguvu zote. Baba anayemtoa binti shule kuna hesabu anapiga kichwani, shule ya kata iko mbali, binti anapita njia ya machakani alfajiri, michango haiishi, na binti wa jirani aliyemaliza form four yuko nyumbani anakaanga mihogo. Akiyasema hayo jukwaani kwa utulivu, bila chupa mkononi, utaona watazamaji wanaacha kucheka na kuna mzee kule nyuma anatikisa kichwa anakubali. Hapo ndo igizo limeanza, maana sasa binti na mama yake inabidi wajibu kitu cha kweli, sio kumjibu katuni.

Mazoezini nawafanyisha hivi, aliyecheza mama leo kesho anacheza baba, skripti tunaiweka pembeni na wenzake wanamuuliza maswali mpaka ashindwe kujibu. Asiposhindwa basi hiyo hoja yake lazima iingie kwenye igizo, hata kama inamharibia mwandishi mwisho alioupanga. Wengi hawapendi hii kitu, wanaona nawapotezea muda, ila skripti zinazopita hapo zinatoka tofauti kabisa.

Mfano ninaoutumia siku zote ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969. Historia yenyewe tunaijua wote, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji ya dawa yaliyoaminika kugeuza risasi ziwe maji, vita vya Majimaji 1905 mpaka 1907, na yeye Wajerumani walimnyonga mwanzoni kabisa mwa vita. Sasa mwandishi wa kawaida angechukua njia mbili rahisi, ama aseme maji ni ushirikina watu walidanganywa, ama amfanye Kinjikitile malaika. Hussein hakufanya hata moja. Kamwandika mtu ambaye mwenyewe anaanza kuingiwa na shaka juu ya neno alilolitoa, wakati watu tayari wamelibeba na haliko mikononi mwake tena, afu kwenye tamthilia amemuacha hai mpaka vita viishe ili tuone atafanya nini. Wajerumani wanamtaka aseme maji yalikuwa uongo na anakataa, kwa sababu akisema hivyo watoto wataambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Yaani unatoka hapo hujui kama umeangalia igizo la imani au la siasa, na maji yenyewe hayajatetewa wala hayajadharauliwa. Soma hiyo kabla hujaandika mganga mwingine wa kitambaa chekundu, tafadhali.

La pili, andika imani unayoijua kwa ndani, au kama huijui nenda ukakae nayo. Mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi alisoma seminari ya Nyegezi kabla ya chuo kikuu, na ukimsoma unaona kabisa huyu Ukatoliki hakusimuliwa. Mimi nimeletewa skripti ambayo padri ana mke na watoto watatu na wala haikuwa skendo, mwandishi alikuwa hajui tu kwamba padri na mchungaji ni watu wawili tofauti. Nyingine mtoto wa madrasa anasoma "sura ya kwanza ya juzuu" na hakuna anayejua ni juzuu gani, wakati Kurani ina juzuu thelathini. Hivi vitu vidogo ndo vinakwaza watu kuliko hoja yako kali, waumini wanavumilia kuulizwa swali gumu, ila hawavumilii mtu ambaye hata hakujisumbua kujua wanavua viatu wapi. Kabla ya onyesho natafuta muumini mmoja mwenye msimamo, mzee wa kanisa au ustadhi, anasoma. Simuombi ruhusa, namuuliza tu wapi nimesema uongo kuhusu nyumba yake. Ustadhi mmoja aliwahi kunirudishia skripti nzima ameweka alama sehemu moja tu, na alikuwa sahihi.

Kuhusu shule hukohuko kwa Kezilahabi kuna riwaya ya Rosa Mistika ya 1971, ambayo kuna kipindi ilipigwa marufuku mashuleni, afu baadaye ikaja kuwa kitabu cha kusomwa sekondari. Baba anambana binti kwa viboko mpaka barua ya mvulana inakuwa kesi nyumbani, binti akipata uhuru hajui aufanyie nini, na mwisho wake unakuwa mbaya. Ninachokipenda pale ni kwamba shule haijawekwa kama dawa. Skripti zetu nyingi binti akirudi shule tu basi mambo yameisha, jamani, shule ndo kwanza ina walimu, mabweni na mambo yake mengine.

Na angalia sheria ya wakati unaouandika. Kama hadithi yako ya mwanafunzi aliyepata mimba inatokea kabla ya Novemba 2021, shule ya serikali hapa Tanzania ilikuwa hairuhusu arudi, waraka wa kuwarejesha ulitoka mwezi huo. Ukimrudisha darasani 2018 kirahisi umeua hadithi nzima, maana ugumu wote ulikuwa hapohapo.

Kingine, sio lazima useme unachofikiri. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Fumba, Unguja, aliyekwenda kurekodi Bombay 1928, ana wimbo wa Kijiti, mwanamke mgeni kauawa Unguja, muuaji kavuka bahari kakimbilia bara, na wanawake wawili waliotoa ushahidi ndo wakaishia jela kwa sababu ya pombe. Anaeleza tu kilichotokea na nani kafungwa, mahakama ya kikoloni inabaki uchi yenyewe. Wachongaji wa Kimakonde nao na vinyago vyao vya mashetani, hakuna anayekusimamisha pale kwenye vinyago vya Mwenge, Dar, akueleze kama mashetani wapo au hawapo, unaangalia ile mikono na yale macho ya mpingo unaondoka na swali lako.

Najua kuna watakaosema sisi tunalipwa na wafadhili na mfadhili anataka ujumbe. Sawa, hata mimi nimekula hizo posho za semina, sijifichi. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1980 waandishi wa tamthilia kina Penina Muhando na Amandina Lihamba walikwenda Malya huko Usukumani, wakakaa na watu kwanza kujua shida yao ni nini, zikatoka mimba za wanafunzi na vijana kukosa shughuli, wakatumia ngoma ya wigashe ambayo vijana wa pale walikuwa wanaicheza tayari, na baada ya onyesho watu wakajadili wenyewe. Kwahiyo mwambie mfadhili yule afisa wa mwishoni umemtoa na hizo dakika zake umewapa watazamaji wazungumze. Wengi wanakubali, hasa ukiliandika vizuri kwenye ripoti. Wa kwangu wa mwisho aligoma akataka afisa arudi, tukamrudisha, tukampa maneno mawili na akaondoka jukwaani akijibizana na yule baba.

Wenye skripti nitumieni, ila chapa kabisa, msinitumie picha za daftari zilizopigwa usiku.