Mizinga 11 imejaa nyuki: je, korongo letu limepona?

SWALI: Kikundi chetu huku Kibosho kimepanda miti ya asili, misesewe na miringaringa, kwenye kingo za korongo, huu ni mwaka wa 4. Mtaalamu mmoja alitushauri tutundike mizinga 15, akasema nyuki wakiingia ni ushahidi kwamba uoto wa asili umerudi. Wameingia mizinga 11. Je, tuandike hivyo kwenye ripoti?

JIBU: Msiandike, ndugu zangu. Aliyewaambia hivyo amewapotosha, na swali hili nalipata mara kwa mara, toka Machame hadi Usa River.

Nyuki wa asali huruka kilomita 3 bila taabu, na zaidi njaa ikimbana. Asali yenu huenda imetoka kwenye kahawa ya jirani au kwenye migrevilea ya ng'ambo ya mto, mti wenye asili ya Australia. Mizinga hiyo ingeweza kujaa hata kabla hamjapanda mche mmoja.

Wanaojua habari za korongo ni nyuki wa porini wanaoishi mmojammoja, kila jike na kiota chake. Walio wadogo hawaendi mbali, mara nyingi mita mia chache tu. Keti ukingoni saa nne asubuhi jua likiwaka, utazame udongo mtupu: kitundu cha upana wa penseli, vumbi laini limekizunguka, na mwenyewe anachungulia. Tazama majani yaliyokatwa mviringo kama kwa mkasi. Huyo ni nyuki mkata majani, na chavua, yaani ule unga wa maua, anaibeba chini ya tumbo, si miguuni. Ukimwona mwenye mkia uliochongoka akizungukazunguka viota vya mkata majani, hana chavua hata chembe, furahi. Ni mdoezi, hutaga ndani ya kiota cha mwenzake, na hadumu mahali ambapo wenyeji wake hawajatulia.

Piteni polepole njia ileile ya mita 100 kila mwezi, saa zilezile, siku isiyo na upepo, mkiandika nyuki wa porini mnaowaona. Fanyeni vivyo hivyo kwenye korongo tupu la jirani na kwenye msitu wa zamani. Msihesabu vichwa tu, maana uwanda wenye magugu ya maua unaweza kuwa na nyuki wengi kuliko msitu. Angalieni kama aina za nyuki wenu zinazidi kufanana na zile za msituni.

Biashara hii ya kuuza mizinga kwa jina la kipimo inaniumiza. Nimefika eneo moja, mizinga imebanana, matawi makavu yote yameokotwa kuni, kila ukingo umepandwa nyasi. Saa mbili nzima sikuona kitundu kimoja ardhini. Nyuki wa porini walinyimwa pa kuzalia, kisha chavua kidogo iliyokuwepo ikachukuliwa na wa mizingani.

Kwa hiyo mizinga ipunguzeni, acheni sehemu za ukingo bila nyasi, na magogo makavu yalale yalipo. Na akija mtu kuwapa majina ya spishi kwa picha za simu, msimlipe: nyuki wengi hawa hawatofautishwi bila hadubini.